Mkono Mtupu Haulambwi: Nchi Iliyotengwa Inavuna Nini Ikipeleka Askari Vita vya Rafiki?

(Mazungumzo haya niliyatoa Moshi, mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wa vyuo na wazee waliokubali kuacha shughuli zao za Jumamosi. Nimenyoosha lugha kidogo na kuondoa vichekesho ambavyo bila uso wa msemaji haviendi popote.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na vijana, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Mada niliyopewa ni askari wa Korea Kaskazini katika vita vya Urusi na Ukraine. Swali lililoandikwa kwenye barua ya mwaliko ni hili: nchi iliyotengwa na dunia inapata nini ikipeleka watoto wake kufa katika vita vya rafiki? Wengi hulijibu kwa neno moja, fedha, kisha wanaagiza chai. Mimi nitaichelewesha chai kidogo, na nitaanzia hapa hapa mjini, kwa sababu swali hili liliwahi kutupitia mlangoni.

Machi 1979 mji huu ulijaa Waganda. Kuanzia tarehe 24 hadi 26, makundi ya Waganda waliomkimbia nduli Idi Amin yalikutana hapa Moshi, yakabishana usiku na mchana, yakaunda umoja wao wa ukombozi, UNLF, na kumchagua Profesa Yusuf Lule awe mwenyekiti. Wakati wao wanagawana vyeo vya serikali ambayo bado haijapatikana, JWTZ ilikuwa tayari ndani ya Uganda, wiki mbili tu baada ya mapambano ya Lukaya. Na pale Lukaya vijana wetu walikutana na askari ambao hakuna aliyezoea kuwaona pande hizi: Walibya.

Muammar Gaddafi alikuwa ametuma kikosi kumwokoa Amin. Makadirio ni askari elfu mbili hadi tatu, wengi wao wanamgambo waliokuja na vifaru na makombora ya Katyusha lakini hawaijui nchi, hawaijui mvua wala kinamasi chake, na wenyeji wao Waganda walikuwa wamekwisha anza kukimbia. Kwanza walitusukuma nyuma. Kisha Brigedi ya 208 ikawazunguka, wakapigwa vibaya. Gaddafi akampa Mwalimu Nyerere saa 24 aondoe majeshi yake Uganda. Mwalimu hakuondoa. Ikatumwa ndege ya Tupolev-22 kuishambulia Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa watu. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Walibya walikuwa wamepoteza mamia ya askari.

Gaddafi alipata nini? Alipata mgeni. Amin alikimbilia Libya, akakaa kidogo, kisha akahamia Saudi Arabia, na huko ndiko alikofia mwaka 2003.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Amin hakuwa na chochote cha kumlipa aliyemfia. Mafuta Libya ilikuwa nayo, silaha ilikuwa nazo. Uganda ya 1979 ilikuwa na kahawa ya magendo na deni. Hata upande wao ungeshinda vita, sioni Gaddafi angerudi nyumbani na nini zaidi ya picha. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka tulitazame kabla ya kuhesabu askari wa mtu yeyote ni ghala la yule anayepelekewa askari. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni siku ya malipo. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro haelezwi tofauti ya fedha mkononi na stakabadhi ya kulipwa msimu ujao. Mshirika mwenye shida hulipa vizuri wakati shida bado ipo. Shida ikiisha, analokudai wewe hulidai vilevile; unalomdai linageuka kuwa shukrani. Na asante ya punda ni teke.

Wakorea wanalijua hili kuliko sisi, wa Kusini na wa Kaskazini, kwa sababu wote wawili walipeleka watu Vietnam.

Tuanze na Kusini. Kati ya 1964 na 1973 Korea Kusini ilipeleka Vietnam askari wapatao 320,000 kwa awamu, kupigana upande wa Marekani. Waliokufa ni kama 5,000. Haikuwa nchi iliyotengwa kama jirani yake, lakini ilikuwa maskini, inaishi kwa msaada wa Marekani, na Rais Park Chung Hee aliogopa kwamba Wamarekani watahamishia Vietnam vikosi vyao vilivyokuwa vikimlinda. Angalieni jinsi alivyofanya. Kabla ya kupeleka divisheni ya pili ya mapigano, alidai masharti yaandikwe. Yakaandikwa, Machi 1966, kwa saini ya balozi wa Marekani mjini Seoul: Marekani italipa gharama za askari hao, italiboresha jeshi la Korea lililobaki nyumbani, itatoa mikopo, na kampuni za Kikorea zitapewa zabuni za ujenzi na usafirishaji huko Vietnam. Hyundai ikaenda kufanya kazi za ujenzi. Hanjin ikabeba mizigo ya jeshi la Marekani katika bandari ya Qui Nhon, ikatajirika, na mwaka 1969 ikalichukua shirika la ndege ambalo leo mnaliona angani likiitwa Korean Air.

Na ule ulinzi, ambao ndio uliokuwa hofu kubwa ya Park? Mwaka 1971 Rais Nixon aliondoa divisheni nzima ya Wamarekani Korea Kusini, askari wapatao 20,000, wakati vijana wa Park bado wako Vietnam wanakufa. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Lakini Nixon hakuweza kuwanyang'anya wahandisi wa Hyundai ujuzi walioupata wa kujenga kwa viwango vya jeshi la Marekani, wala madereva na makarani wa Hanjin uzoefu wao. Ahadi iliondoka na ndege. Ujuzi ukabaki, na baadaye ukaenda kujenga barabara na bandari Uarabuni.

Kaskazini nao walikuwa Vietnam, upande wa pili, kwa siri. Walipeleka marubani wa MiG miaka ya 1967 hadi 1969. Kumi na wanne walikufa, wakazikwa mkoa wa Bac Giang. Vietnam ikashinda vita. Kisha ikajenga uchumi, na mwaka 1992 ikafungua uhusiano wa kibalozi na Korea Kusini, ile ile iliyopeleka watu laki tatu kuwaua Wavietnam. Leo viwanda vikubwa vya simu za Samsung viko Vietnam, vingine kwenye mkoa ulio jirani na yale makaburi. Nikifundisha hadithi hii darasani, wanafunzi hucheka kwanza, halafu hunyamaza.

Mwaka 1973 Kaskazini wakajaribu tena, Misri, kwenye vita vya Oktoba dhidi ya Israeli. Marubani kama ishirini tu. Kijeshi hawakubadilisha kitu. Ila safari hii malipo yalikuwa ya aina nyingine: katika miaka iliyofuata Misri iliwapatia makombora ya Scud yaliyotengenezwa Umoja wa Sovieti. Wakorea wakayafungua, wakapima kila bomba na kila skrubu, wakajifunza kuyatengeneza wao wenyewe, na kufikia 1984 walikuwa wanarusha ya kwao, Hwasong-5. Baadaye wakaiuzia Iran ilipokuwa inapigana na Iraki. Ukoo wa kwanza wa makombora yaliyozitisha Seoul na Tokyo una babu mmoja, na babu huyo alifika Pyongyang kama asante kwa marubani wachache. Mtu aliyelelewa katika nyumba iliyopata faida hiyo, na huyo ndiye Kim Jong Un, haendi sokoni kununua shukrani.

Sasa tufike Kursk, mkoa wa Urusi walikopelekwa askari wa Kim.

Wengi husimulia habari hii kuanzia Oktoba 2024, askari walipoanza kupakiwa kwenye meli za Urusi kwenda Vladivostok. Mimi naianza mapema kidogo, kwa sababu malipo yalianza mapema. Septemba 2023 Putin alimpokea Kim kwenye kituo cha kurushia roketi cha Vostochny. Mahali penyewe palikuwa ujumbe. Mabehewa na makontena ya risasi za mizinga yakaanza kwenda Urusi. Kisha tarehe 28 Machi 2024, katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Urusi ilipiga kura ya turufu dhidi ya kuliongezea muda jopo la wataalamu lililokuwa likifuatilia vikwazo dhidi ya Korea Kaskazini. China haikupiga kura upande wowote. Jopo hilo lilikuwepo tangu 2009. Ndilo lililokuwa likitaja meli, majina, akaunti na nchi zinazokwepa vikwazo, zikiwemo za bara letu. Mwisho wa Aprili likafa.

Urusi hiyo hiyo, naomba mliweke hili akilini, Desemba 2017 ilinyoosha mkono kuunga mkono azimio namba 2397, lililoweka kikomo cha mapipa 500,000 ya mafuta yaliyosafishwa kwa mwaka na kuagiza wafanyakazi wa Korea Kaskazini walioko nje warudishwe kwao. Moscow ilisaidia kujenga ukuta, kisha miaka sita baadaye ikaanza kuuza matofali yake. Kwa nchi iliyotengwa, kura hiyo moja ilikuwa na thamani kubwa kuliko meli ya dhahabu. Vikwazo viko palepale kwenye karatasi. Aliyekufa ni mlinzi wa usiku.

Juni 2024 ukatiwa saini mkataba wa Pyongyang, ambao kifungu chake cha 4 kinasema mmoja akivamiwa mwingine atamsaidia kijeshi. Agosti Ukraine ikaingia mkoa wa Kursk, ndani ya Urusi yenyewe, na kifungu kikapata kazi. Oktoba wakaenda askari zaidi ya 10,000, na mwanzoni mwa 2025 wakaongezwa wengine kama 3,000. Kwa miezi sita Pyongyang na Moscow hawakukiri. Mwishoni mwa Aprili 2025, Kursk ilipokuwa karibu yote imerudi mikononi mwa Warusi, wakakiri wote wawili ndani ya siku chache, tena kwa majigambo.

Walipigana vipi? Mwanzoni walipigana kama jeshi lililofundishwa kwa vita vya mwaka 1953. Walivuka mashamba ya theluji kwa makundi, mchana, na droni zikawaokota mmoja mmoja. Korea Kusini ilikadiria Aprili 2025 kwamba 600 wamekufa. Septemba ikakadiria kama 2,000. Hao ni mahasimu wao, kwa hiyo sikilizeni kwa sikio moja, ingawa hadi wakati huo Pyongyang yenyewe ilikuwa haijatoa hesabu. Lakini waliobaki walijifunza. Waliacha kutembea kwa makundi, wakajifunza kuziangusha droni, wakajifunza kuratibu mizinga kwa picha za angani. Hakuna jeshi lingine Asia ya Mashariki lililopigana vita vya namna hii. China haijapigana vita kubwa tangu 1979. Wanaorudi Pyongyang wakiwa hai ni walimu, na mwalimu wa vita hawezi kudaiwa arudishe somo.

Kuna somo lingine ambalo watu hulisahau, la vyuma. Makombora ya Korea Kaskazini yaliyorushwa Ukraine mwanzoni yalikuwa yanakosa shabaha kwa umbali mkubwa, na mengine yalilipuka njiani. Ukiyarusha kwenye uwanja wa majaribio nyumbani unapata takwimu chache na makofi mengi. Ukiyarusha juu ya nchi yenye mitambo ya Kimagharibi ya kuyatungua, kila kombora ni mtihani, na msahihishaji hana huruma. Kundi la nchi 11 zilizojipanga kufuatilia vikwazo baada ya kifo cha lile jopo liliripoti Mei 2025 kwamba usahihi wa makombora hayo umeboreshwa kwa taarifa zilizotoka uwanja wa vita. Kundi hilo pia lilitaja mitambo ya kujikinga na ndege ya Pantsir, vifaa vya kuvuruga mawimbi, na mafuta yaliyopita mapipa milioni moja kwa mwaka 2024, mara mbili ya kikomo kile cha 2017.

Fedha zipo, sikatai. Korea Kusini inakadiria mshahara wa dola 2,000 kwa askari kwa mwezi, na si askari mwenyewe anayezipokea. Zidisha kwa watu elfu kumi na kitu. Ni pesa nzuri kwa hazina ya Kim, ila ukiweka kando ya mamilioni ya risasi za mizinga alizouza, mshahara wa askari ni chenji. Ndiyo maana nasema jibu la neno moja halitoshi. Mizinga huuzwa na yeyote mwenye kiwanda. Askari wanauza kitu kingine: wanamfanya mnunuzi awe na deni ambalo hawezi kulikana mbele ya watu wake. Putin alilazimika kuwashukuru hadharani, na nchi ambayo jana ilikuwa inatajwa kwa aibu ikawa inatajwa kwenye hotuba za ushindi.

Mtaniuliza China iko wapi. Iko pale pale, inabeba zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya Korea Kaskazini, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo mlango pekee. Mwenye mlango mmoja humheshimu sana bawabu. Kim alipofungua mlango wa pili, bawabu alibadilika sauti: tarehe 3 Septemba 2025, kwenye gwaride la Beijing, Kim alisimama ubavuni mwa Xi Jinping, Putin ubavu wa pili. Kiongozi wa Korea Kaskazini hakuwa amehudhuria gwaride la China tangu 1959. Reli ya moja kwa moja kutoka Moscow hadi Pyongyang ilirudi Juni mwaka huo, ndege Julai, na daraja la magari juu ya mto Tumen, mpakani mwao, likaanza kujengwa mwaka huo huo. Haya ni mambo madogo kwa nchi yenye viwanja vitano vya kimataifa. Kwa nchi iliyofungwa ni madirisha.

Kile kifungu cha 4 mimi sikipi alama nyingi. Kumbukeni Nixon. Urusi ikichoka, au ikipatana na Marekani kwa masharti yatakayohitaji Pyongyang iwekwe pembeni, kifungu kitabaki maktaba. Kim naye, kwa mwenendo wake, anaonekana anajua hivyo. Anaharakisha. Juni 2025 Sergei Shoigu, katibu wa Baraza la Usalama la Urusi, alitangaza kwamba Pyongyang itapeleka watu 1,000 wa kutegua mabomu na wajenzi wa kijeshi 5,000 kuijenga upya Kursk. Wajenzi! Azimio la 2017 liliwafukuza wafanyakazi. Wamerudi wakiwa na sare. Vita vikiisha, sababu ya kuwa pale haitaisha.

Hapa kuna kijana ameninong'oneza kabla ya kuanza: mbona husemi Cuba? Nasema. Cuba ilifukuzwa kwenye umoja wa nchi za Amerika mwaka 1962, ikawekewa marufuku ya biashara na Marekani mwaka huo huo, na Novemba 1975 ikapeleka askari Angola. Ulikuwa uamuzi wa Havana, Moscow haikuulizwa kwanza. Kufikia 1991 Wacuba zaidi ya 300,000 walikuwa wamepita huko. Walizuia jeshi la makaburu, na baada ya mapambano ya Cuito Cuanavale, kusini mwa Angola, yakaja makubaliano ya New York ya tarehe 22 Desemba 1988, yaliyofungua njia ya uhuru wa Namibia. Kwenye meza hiyo, iliyosimamiwa na Marekani, alikaa Mcuba ambaye Marekani kwa miaka karibu thelathini ilikuwa haitaki kumwona. Kiti kile kililipiwa na askari.

Nawaheshimu Wacuba wa Angola kuliko askari yeyote niliyemtaja leo, na sitaki kuwaweka kapu moja na jeshi linalomsaidia mvamizi. Lakini swali ni la faida, kwa hiyo tuhesabu. Umoja wa Sovieti ulipoanguka 1991, uchumi wa Cuba uliporomoka kwa karibu theluthi moja, umeme ukakatika, watu wakarudi kwenye baiskeli. Heshima ya Angola haikuleta pipa la mafuta. Iliwaletea kura: tangu 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hulaani marufuku ya Marekani karibu kila mwaka, na 2024 ilikuwa kura 187 kwa 2. Marufuku bado ipo. Castro alichukua malipo yake kwa sarafu ambayo Afrika tu ndiyo huipokea, na sisi hatukuwa na mafuta ya kumpa.

Kim angemwona Castro mjinga. Hiyo ni tofauti kati yao, na mtu achague mwenyewe angependa kutawaliwa na nani.

Namalizia na wale ambao katika hesabu zote hizi wapo upande wa gharama. Agosti 2025 televisheni ya Pyongyang ilionyesha Kim akipiga magoti mbele ya ukuta wenye picha 101 za waliokufa, akitoa nishani, akiahidi familia mtaa mpya wa nyumba katika mji mkuu. Kuishi Pyongyang kule si jambo dogo, ni cheo. Na picha zile nazo ni faida kwa mtawala: miaka sabini baada ya vita vya Korea alikuwa hana mashujaa wapya wa kuwaonyesha watoto shuleni, sasa anao. Januari 2025 Ukraine ilitangaza kukamata wawili wakiwa hai, wamejeruhiwa. Ujasusi wa Korea Kusini ulisema askari hao waliagizwa wajilipue kuliko kutekwa, na baadaye Pyongyang yenyewe ikawatukuza waliofanya hivyo. Kwa hiyo wawili wale, wakirudi nyumbani, watarudi wakiwa ushahidi kwamba agizo lilivunjwa. Wamesema wanataka kwenda Korea Kusini, na katiba ya Kusini inawahesabu kuwa raia wake. Lakini mateka hugawanywa mezani na wenye vita, na Urusi itakaa kwenye meza hiyo ikiwa na deni kwa Kim. Sitashangaa wakiombwa kama sehemu ya malipo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na chai naiona inaingia. Maswali yapo, yule kijana wa Cuba aanze yeye, maana tangu nilipotaja kapu mkono wake haujashuka.